Warsha za uandishi wa sayansi zitumie usiku

Ndugu Mhariri,

Taasisi ikiwaita waandishi wa habari ishirini hotelini kwa siku tano wajifunze kuandika habari za sayansi, ratiba huwa ile ile: mgeni rasmi anafungua, mada zinafuatana hadi saa 11 jioni, chai mara mbili, picha ya pamoja, vyeti. Kuandika kwenyewe kunaachwa “mkirudi ofisini”. Ofisini kuna kesi mahakamani, kuna ziara ya waziri, kuna mechi ya watani wa jadi, na makala haiandikwi. Kama kazi ni kusikiliza mada tu, hakuna sababu ya kumlaza mtu Bagamoyo au Naivasha, kwa kuwa mada husikilizwa hata kwa simu. Faida ya kulala pale pale ni kwamba rasimu iliyoandikwa mchana inaweza kusomwa usiku na kurudi kwa mwenyewe asubuhi, bado ikiwa ya moto.

Tunapendekeza waandaaji wapange hivi. Rasimu iwasilishwe kabla ya saa 12 jioni, isizidi maneno 600. Mhariri wa warsha aisome baada ya chakula cha usiku, aandike maswali pembeni bila kumwandikia mtu sentensi zake, na airudishe kabla ya chai ya asubuhi. Rasimu ya urefu huo ikisomwa kwa makini hula kama dakika 40. Rasimu tano ni zaidi ya saa tatu, na hapo ndipo uwezo wa mtu mmoja unapoishia. Ukimpa kumi, atasahihisha tahajia na kuandika “vizuri, endelea”. Washiriki ishirini wanahitaji wahariri wanne, na wahariri hao wasipewe mada za mchana.

Siku mbili za kwanza wote wasome ripoti moja ya utafiti. Kila mtu akija na mada yake, mmoja mwani, mwingine nishati ya jua, hakuna anayeweza kumkosoa mwenzake, kwa sababu hakuna mwingine aliyesoma alichosoma. Ripoti inayofaa sana kwa Afrika Mashariki ni ile ya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2015. Ilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya. Ipakuliwe na kuchapishwa kwenye karatasi kabla ya washiriki kufika. Mtandao wa hoteli ukitumiwa na watu ishirini kwa mpigo hautabiriki, na kwenye skrini ya simu majedwali hayasomeki.

Muhtasari usisomwe kwanza. Waanze na sehemu ya mbinu, watafute majibu ya maswali matano: walichunguzwa nani, wangapi, walilinganishwa na nani, kwa muda gani, na kilichohesabiwa ni nini. Swali la tatu huleta mjadala mzuri, maana watoto wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa kundi la ulinganisho walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa katika dozi za mwanzo. Mshiriki anayeuliza “kwa nini hawakuachwa bila kitu?” ameshaanza kuelewa: mzazi hatakiwi kujua mwanawe yuko kundi gani, na kila mtoto apate angalau kitu chenye faida.

Swali la tano ndilo linaloangusha wengi. Kwa watoto wa umri huo waliopata dozi zote nne, ufanisi dhidi ya malaria ulikuwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne. Karibu kila rasimu ya kwanza huandika kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa na 64 hawakukingwa. Si hivyo. Kilichohesabiwa ni mara ambazo watoto waliugua, si idadi ya watoto waliougua. Mtoto mmoja katika eneo lenye malaria nyingi huweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka. Ndiyo maana ripoti hiyo hiyo inasema chanjo ilizuia matukio 1,774 kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, namba ambayo mwandishi aliyekosea hapo juu atadhani ni kosa la uchapaji. Waacheni wabishane nayo kabla mwezeshaji hajafungua mdomo. Kisha waonyeshwe kwamba kutoka kituo kimoja hadi kingine namba hiyo ilitoka 205 hadi 6,565, kwa sababu wingi wa malaria haulingani. Wastani peke yake haumwambii msomaji wa Siaya hali ya kwao.

Liko jambo jingine ambalo rasimu nyingi huliruka: watoto wengi katika makundi yote walikuwa wakilala kwenye vyandarua vyenye dawa. Kinga ya chanjo ilijumlishwa juu ya kinga ya chandarua. Makala isiyosema hivyo inamwachia mzazi nafasi ya kuuza chandarua.

Madhara yapewe kipindi chake. Katika kundi hilo la umri, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 11 waliopata dozi nne, 10 waliopata dozi tatu, na mmoja tu katika kundi la ulinganisho, kila kundi likiwa na watoto wapatao 3,000. Mwandishi afanye nini na namba hizi? Akiandika “hatari yaongezeka mara kumi”, hesabu yake ni sahihi na bado amempotosha msomaji. Akizificha, amefanya kazi ya msemaji wa kampuni. Aandike idadi kamili na ukubwa wa kundi, aseme matukio yalikuwa machache mno kuthibitisha chanzo, kisha aeleze kilichofuata: mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zilianza kutoa chanjo hiyo kwa majaribio mapana, ongezeko hilo halikuonekana tena, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike. Aya moja yatosha, ila kuiandika vizuri huchukua usiku mzima.

Siku ya tatu aje mtafiti, asiwe na slaidi. Washiriki wamhoji wawili wawili, dakika 20 kila jozi, wakirekodi. Jozi ya kwanza hupata hotuba. Kuanzia ya tatu mtafiti amechoka kuhutubia, anaanza kuzungumza kama mtu. Maswali yanayozaa ni haya: nini kingekufanya ubadili maoni? Nani katika fani yako hakubaliani nawe? Nani alilipia utafiti? Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye makala hata kama si baya. Katika mfano wetu, watengenezaji wa chanjo wenyewe, GSK, walikuwa miongoni mwa waliogharamia majaribio. Na kabla ya kuchapisha, msomee mtafiti namba zake na maneno yake uliyonukuu. Usimtumie makala nzima, kwa maana atairudisha ikiwa ripoti.

Ugonjwa mkubwa wa aya za ufunguzi tunaujua sote: “Serikali imewataka watafiti…”. Warsha iweke sharti kwamba mgeni rasmi haonekani popote katika rasimu, na kila namba itembee na yale inayohesabu: kati ya wangapi, kwa muda gani, ikilinganishwa na nini. Udhaifu wa utafiti uwe umetajwa kufikia aya ya tatu au ya nne, kwa sababu magazeti hukata habari kuanzia chini.

Mafunzo ya zuio la kuchapisha (embargo), yaani sharti la kutotoa habari ya utafiti kabla ya saa iliyowekwa na jarida, hayahitaji zaidi ya nusu saa, lakini yafanywe kwa saa zetu. Jarida la sayansi la Nature huachia makala zake Jumatano saa 10 jioni ya London. Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa 1 usiku wakati wa baridi ya Uingereza, na saa 12 jioni tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, Waingereza wanapokuwa wamesogeza saa mbele. Anayesahau hilo katika majira ya baridi anavunja zuio kwa saa nzima, na huenda akanyimwa makala za mapema. Anayekumbuka anaiwahi taarifa ya habari ya saa 2.

Kuhusu posho tuseme wazi, maana huwa inasemwa pembeni: nauli na chakula zilipwe zote mapema, lakini sehemu ya posho isubiri rasimu ya tatu. Fedha za mikoba, fulana na mabango zitoshe kumlipa mhariri mmoja wa kufuatilia makala kwa wiki nane baada ya warsha. Siku ya tano waalikwe wahariri wa madawati walikotoka washiriki, kila mmoja akae na mwandishi wake waweke kichwa cha habari pamoja. Vichwa vingi vya “chanjo yatibu” huzaliwa kwenye meza zao saa 3 usiku, mwandishi akiwa ameshakwenda nyumbani.

Wakufunzi wa waandishi wa habari za sayansi,
Dar es Salaam