Mahamri pia ni kazi

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Somo yangu,

Salaam aleikum. Natumai nyote hamjambo na goti la mama limepoa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi natoka kazini, sikuambulia kitu kwa kelele. Mara ya pili nimejifungia jikoni. Nimeona nikuandikie, maana haya utataka uwe nayo karibu ukikaa mbele ya ile fomu ya visa ya kuhamia Marekani.

Kwanza pumua. Unasema umefika ukurasa wa kazi ukakwama siku tatu, unafungua, unafunga. Somo, wewe huombi visa kwa kazi yako. Umeombewa na mumeo. Wanaopimwa kwa hilo ni wale wa bahati nasibu ya grinikadi: mtu awe amemaliza sekondari, na kama hakumaliza, awe na miaka miwili ya kazi ndani ya miaka mitano iliyopita, tena kazi ambayo huiwezi bila angalau miaka miwili ya mafunzo au uzoefu. Yako si hiyo. Mzigo wa pesa ameubeba shemeji kwa hati yake ya udhamini, aonyeshe kipato kinachofika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huku. Hakuna anayengoja kuona kama uliwahi kuwa bosi wa watu.

Mimi hilo sikulijua. Nilikwenda saiba moja hapo mjini, kijana wa kompyuta akanionea huruma. "Dada, ukiandika mahamri watakucheka." Akanitilia Kiingereza kizuri, nikawa mkurugenzi wa kampuni ya vyakula. Nikamlipa, nikatoka nimejiona. Miezi ikapita, nikasahau. Siku ya mahojiano kule ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, yule mama wa dirishani akatazama kompyuta yake, akaniuliza kampuni yangu ina wafanyakazi wangapi. Ulimi ukakauka. Nikaliona karai la mama yangu vile lilivyo, lile lenye mkono mmoja uliokatika. Nikasema, wawili, mimi na mama. Na ofisi iko wapi? Barazani kwetu. Alinitazama muda, mimi jasho linanishuka mgongoni chini ya buibui, kisha akauliza mahamri yetu tunayatia nini. Iliki na tui la nazi, nikamwambia. Akarekebisha mwenyewe, akaendelea. Nilipita, alhamdulillahi, lakini angeweza kunitoa muongo, na uongo wenye uzito kwenye fomu ile unaweza kukufungia mlango maisha. Mwisho wa fomu unatia sahihi kwamba yote ni kweli, na dirishani unaapishwa tena.

Kwa hivyo andika ulivyo. Kazi ya sasa: umejiajiri, unauza mahamri na viazi karai asubuhi mbele ya nyumba. Mwajiri ni wewe, anwani ni ya nyumbani kwenu. Kama ile orodha haina kazi yako, chagua "nyingine", patafunguka mahali pa kueleza. Majukumu yako ni kununua unga, kukanda, kukaanga, kuuza na kutunza hesabu. Majibu ni kwa Kiingereza, na Kiingereza chako cha shule kinatosha, usimpe mtu akupambie.

Kazi za zamani wanarudi nyuma miaka 10. Saluni, unasema, ilishafungwa na tarehe umezisahau. Kufungwa si neno, iandike na jina la yule mama aliyekuwa msimamizi wako. Tarehe zifunge kwenye mambo unayoyakumbuka. Uliacha Ramadhani ilipoingia mwaka 2018, nakumbuka tulifuturu pamoja siku ya pili nawe unalalamika mshahara hujalipwa. Ramadhani ile ilianza katikati ya Mei. Basi ni Mei 2018.

Sasa ile kazi yako ya nyumbani kule Jeddah, Saudia. Umenong'ona kama vile wanakusikia: "Naweza kuiruka ile?" Huwezi, somo. Fomu hiyohiyo inakuuliza anwani zote ulizokaa tangu ulipotimiza miaka 16. Ukiificha kazi, na nyumba uliyolala utaificha wapi? Pasipoti ina mihuri. Tena ulikaa kuanzia Januari 2019 mpaka Februari 2020, zaidi ya miezi 12, na nchi uliyokaa muda huo ukiwa umeshatimiza miaka 16 wanaitakia cheti cha polisi. Kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani kuna ukurasa wa kila nchi na hati zake, usome ule wa Saudia kabla hujamlipa wakala yeyote.

Najua kinachokusumbua ni kwamba ulirudi kabla mkataba haujaisha. Pale kwenye sehemu ya kazi hilo hawaliulizi. Wanauliza ulimfanyia nani kazi, ulifanya nini, toka lini mpaka lini. Ulipika, ulisafisha, ulilea watoto watatu. Wewe uliyemfundisha yule mdogo kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili, haya ya nini? Jina la mwajiri liko kwenye nakala ya mkataba, mama aliiweka kwenye sanduku la vyombo vya udongo. Simu yake kama huna, pale penye kisanduku cha "sijui", kitie alama.

Na ile miezi uliyokaa bure baada ya kurudi, ndege zimesimama na mji umefungwa, iache kama ilivyo. Usibuni kazi ya kuziba pengo.

Lile la kazi unayotaka kufanya ukifika huku usilihangaikie. Mimi niliandika upishi. Leo nakunja mashuka ya hoteli, na hakuna aliyekuja kunidai sufuria.

Jambo jingine dogo: hifadhi kila ukurasa ukimaliza, ukiiacha kidogo inajifunga na ulichoandika kinapotea. Na kabla hujabonyeza kutuma, nipigie picha kurasa zile mbili za kazi. Ukishatuma huwezi kuifungua mwenyewe. Chapisha ule ukurasa wa uthibitisho, utaubeba siku ya mahojiano.

Nisalimie mama. Na ukija, unibebee iliki. Ya huku nimenunua duka tatu, haina harufu.

Wako,
Somo