Wauza bolti, tutenganishieni inchi na milimita

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumze na wenye maduka ya spea hapa Mombasa kuhusu bolti na nati.

Nina lori aina ya Bedford TJ aliloniachia marehemu baba. Enzi zake lilileta nazi za Msambweni hadi Kongowea, kisha likalala uani kwetu Mikindani mpaka mwarobaini ukamea kati ya bodi na ukuta. Mwaka jana nilianza kulifufua. Injini ilikubali mapema, rangi nikapata, hata vioo nikapata. Kilichonihangaisha ni bolti. Nne za kushikilia injini zilikuwa zimeliwa na kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma, ikabidi tuzikate kwa msumeno.

Lori hili ni la Uingereza na vipimo vyake ni vya inchi. Nikaenda mjini na kipande cha bolti kuukuu mkononi. Kijana wa kaunta akakipima kwa macho, akatia mkono ndani ya debe, akanipa nne zinazong'aa. "Ndizo hizi, mzee, hata spana ni ile ile ya 19." Kweli spana ilikuwa ile ile. Nati zangu za zamani zikaingia kwa vidole hadi mwisho bila kukwama. Mimi na fundi tukaridhika.

Siku ya kulijaribu, tukipanda kutoka kivuko cha Likoni, injini ililala upande. Feni ikachana rejeta, maji ya moto yakaruka, na watu wa miguu walikuwa wamejaa kando yetu. Mungu alituepusha. Baadaye niliokota nati moja juu ya chesisi: ndani imenyoka laini kama pete, na kwenye bolti yake vipande vya meno vimejiviringa kama uzi.

Bolti za lori langu ni za nusu inchi, yaani unene wa milimita 12.7. Niliyouziwa ni ya 12, ya magari ya Kijapani. Kichwa cha ile ya nusu inchi ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, ndiyo maana spana ya 19 haikutuonya. Meno ya bolti yangu ni 20 kwa kila inchi, hivyo jino hadi jino ni milimita 1.27; ya ile nyingine ni 1.25. Vidole haviwezi kuhisi tofauti hiyo. Nati inapita, lakini meno yanagusana ncha tu, na gari likitikisika yanang'oka.

Ndugu zangu, inchi na milimita zisikae debe moja. Wekeni kalipa, kile chombo cha kupimia unene, kaunta. Mfundisheni kijana kusoma alama ya nguvu kwenye kichwa cha bolti: 8.8 au 10.9 kwa za milimita. Kwa za inchi, mistari mitatu ni greda ya 5, sita ni greda ya 8. Isiyo na alama muuzieni mtengeneza geti, si mwenye lori.

Bolti za sawa nilizipata Changamwe kwa mzee anayezihifadhi kwenye mikebe ya maziwa, kila mkebe umeandikwa kipimo. Bei yake ilikuwa juu, nikalipa kwa moyo mweupe. Alichukua nati yake ya nusu inchi, akaifunga kwenye kila bolti mbele yangu na kuitikisa, ndipo akapokea pesa.

Msomaji wako,
Mikindani, Mombasa