Spea taya kwenye gari la viti viwili: niibebe au niache?

Ndugu mshauri,

Naomba msaada wako, na wa wasomaji wenzangu wanaoendesha magari ya aina hii. Nina Mazda Roadster, ile ambayo nje ya Japani huuzwa kwa jina la MX-5. Ni toleo la tatu, RS ya lita 2.0 yenye gia sita za mkono. Ina viti viwili, buti la lita 150, na haina spea taya, yaani tairi la akiba. Haikuibiwa bandarini, kiwandani ilitoka hivyohivyo. Nataka kujua kama nianze kutembea na spea, na kama jibu ni ndiyo, niiweke wapi bila kumpunguzia mama yangu vitu vyake.

Mama anaingia humu kwa sababu yuko Iringa na mimi niko Dar es Salaam. Alipata kiharusi, akapooza upande mmoja. Nikipata mapumziko kazini napanda kwenda kumwona, mara nyingi peke yangu maana mume wangu hubaki na watoto. Buti hubeba nepi za watu wazima, dawa, mafuta ya kumkandia, samaki wakavu anaowapenda, na begi langu dogo. Ongeza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ambazo trafiki huziulizia. Nepi si nzito, lakini zinakula nafasi vibaya sana. Nikirudi, mama hawezi kuniruhusu niondoke mikono mitupu, kwa hiyo nateremka na nyanya na vitunguu.

Najua kuna watakaosema niuze gari ninunue la kawaida. Ushauri huo nimeshausikia nyumbani na ofisini, na naomba safari hii tuuweke kando. Gari hili nililitamani tangu niko chuo, nimelinunua kwa akiba yangu mwenyewe, na kupanda nalo mlima Kitonga asubuhi, gia ya pili kwenda ya tatu, kona baada ya kona, kunanifanya nifike kwa mama nikiwa na nguvu ya kumhudumia. Nataka kulilinda na kulitumia, na nataka kufika salama.

Kwanza niseme ninachokijua, ili msianze mbali. Roadster za mwanzo, zilizotoka 1989, zilikuwa na tairi la akiba ndani ya buti. Toleo la tatu, lililoanza 2005, liliondolewa tairi hilo, na mahali pake pakawekwa kopo la dawa ya pancha na pampu ndogo ya umeme. Sababu yake naielewa. Mazda walikuwa wanapunguza uzito wa gari hata kwa gramu, na rimu yenye tairi na jeki ni kilo nyingi zinazokaa nyuma kabisa, pahali ambapo gari dogo huzisikia kwenye kona. Halafu Japani ukipata pancha unapiga simu JAF, shirikisho lao la wenye magari, na gari la msaada linakuja. Kwa barabara zile uamuzi ule una akili. Mimi napita Mikumi.

Kopo lile nalo lina mipaka yake. Dawa huziba tundu dogo kwenye kifua cha tairi, la msumari au skrubu, kisha unaendesha taratibu, usizidi kilomita 80 kwa saa, hadi kwa fundi. Haizibi ubavu uliochanika. Pia ina tarehe ya mwisho, na kopo lililokuja na gari langu lilikuwa limeisha muda kabla meli haijatia nanga. Mafundi pancha wengi hawaipendi dawa hiyo kwa sababu lazima wauoshe ute wote ndani ya tairi ndipo kiraka kishike.

Kilichonifanya niandike kilitokea bonde la mibuyu, ukishapita Mikumi mjini na kabla ya Ruaha Mbuyuni. Jua lilikuwa linazama. Lori lililokuwa linatoka juu liliingia upande wangu likilipita lori jingine, nami nikabana kushoto kabisa. Pale lami imelika, imeacha ukingo mkali kama wa bati. Tairi la mbele kushoto lilishuka na kupanda tena mara moja, na usukani ukaanza kuvuta hapohapo. Niliposhuka niliona ubavu umechanika, mpasuko wa urefu wa kidole, na nyuzi za ndani zimetokeza. Tairi zangu ni 205/45R17. Ukipiga hesabu, ubavu wake ni sentimita 9 na kidogo tu. Corolla ya 195/65R15 ina karibu sentimita 13. Ukingo ule ule Corolla ingeupanda, ikaendelea na safari.

Dereva wa lori lililokuwa linaelekea Tunduma alisimama. Utingo wake akavunja matawi, akayatandaza barabarani nyuma ya gari langu hata kabla sijatoa pembetatu. Spana yao ilikuwa ya nati za lori, haikushika zangu za namba 21. Jeki yao haikupita chini ya gari, maana Roadster iko chini na tairi likiisha upepo inazidi kushuka. Ikabidi wanaume watatu wainue pembe ile kwa mikono huku mmoja akisukuma jiwe chini. Spana ilipatikana kwa gari dogo lililosimama baadaye. Tukalifungua gurudumu, nikapanda nalo lori hadi Ruaha Mbuyuni, na kijana mmoja wa pale tuliyekubaliana bei akabaki kulinda gari. Fundi pancha alilimulika kwa simu, akanirudishia. "Dada, hili nikiliziba nitachukua hela yako bure, halafu likupasukie Kitonga."

Saizi ile hakuwa nayo, wala jirani zake. Mume wangu akatafuta tairi Dar usiku ule ule, akalituma kwa basi, nikalipokea siku iliyofuata. Nililala gesti na nepi za mama zikiwa ndani ya gari kando ya barabara. Nilikutana na watu wema, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mwanamke peke yake, giza linaingia, hawezi kupanga safari zake kwa kutegemea nani atasimama. Na kama ingetokea nyuma kidogo, ndani ya hifadhi, ambako barabara inapita kati ya wanyama kwa kama kilomita 50, kushuka tu kwenye gari ingekuwa hatari.

Tangu siku ile mume wangu ameshikilia kwamba bila spea nisisafiri peke yangu. Simlaumu. Lakini nilipoanza kutafuta spea niligundua mambo si mepesi.

Nilikwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, hapa Dar, kutafuta ile spea nyembamba ya muda, ya kukufikisha kwa fundi tu. Rimu za Roadster toleo hili zina matundu matano, kipimo cha 5x114.3, na kipimo hicho hicho kiko kwenye Mazda Atenza na Axela, kwa hiyo za magari yaliyovunjwa zipo. Niliyopewa ya kwanza ilikuwa inang'aa, haijawahi kugusa barabara, na muuzaji akaisifu kwa hilo. Nikaisoma ubavuni: tarakimu nne, 2206. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2006. Mpira wa umri ule sitaki kuutegemea hata kama haujatembea. Kingine, spea hizi hutaka upepo wa 60, wakati tairi zangu zinataka 29, na ukikaa miezi bila kuupima unaikuta imelala siku unayoihitaji. Na nayo ina kikomo kile kile cha kilomita 80 kwa saa.

Kuna jambo la difu pia. RS ina difu inayozuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke peke yake. Ukifunga nyuma spea yenye kimo tofauti na tairi la upande wa pili, difu inafanya kazi muda wote hata barabara iliyonyooka, na inaweza kuharibika. Kwa hiyo pancha ikiwa nyuma, unatakiwa utoe tairi zima la mbele ulipeleke nyuma, halafu spea uifunge mbele. Ni kupiga jeki mara mbili kando ya barabara ya malori. Na kabla ya kuiamini hiyo spea mbele lazima ijaribiwe nyumbani, maana diski za mbele ni kubwa na rimu ndogo inaweza kugota kwenye kalipa ya breki.

Tuseme yote hayo yamewezekana. Bado kuna nafasi. Nimejaribu kulaza spea nyembamba ndani ya buti, inaingia, lakini baada ya hapo begi halikai na nepi ndiyo basi. Nikiwa peke yangu naweza kuifunga mkanda kwenye kiti cha abiria, ila naogopa: gari likipigwa au nikishika breki ya ghafla, kitu cha chuma kikichomoka mkandani kitatua wapi?

Kaka yangu anasema niachane na spea, ninunue tairi zinazotembea bila upepo. Saizi yangu ipo, maana Mini Cooper S hutumia 205/45R17 za aina hiyo. Kwa kawaida zinaruhusu kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 baada ya upepo kuisha, na hizo zingenitoa bonde la mibuyu hadi kwenye watu. Wasiwasi wangu ni kwamba ubavu wake ni mgumu, na gari langu tayari linasikia kila tuta la kijijini. Pia halina taa ya kuonya upepo ukipungua. Tairi la namna hiyo likiisha upepo usijue, unaliua huku unaendesha. Na likishachanika, la kubadilisha Iringa nitalipata wapi?

Fundi wangu ana wazo lingine ambalo nalipenda zaidi, na ndilo naomba mlichambue kwa makini. Anasema nishushe rimu ziwe za inchi 16 na nifunge 205/55R16, saizi ambayo karibu kila duka la tairi linayo. Ubavu unapanda hadi sentimita 11 na zaidi. Tairi linakuwa refu kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo mshale ukionyesha 80 mimi niko 82, jambo la kukumbuka kwenye vijiji vya 50 ambako tochi za trafiki za kupima mwendo hazilali. Pamoja na hizo nibebe uzi wa mpira wa kuzibia pancha, pampu ya kuchomeka kwenye kiwashia sigara, jeki fupi inayopita chini ya gari, kipande cha ubao cha kuizuia isizame kwenye mchanga, na spana yangu ya 21. Tairi moja la akiba likae kwa mama Iringa na jingine nyumbani Dar. Kwa mpango huo pancha ya msumari naimaliza mwenyewe, na uwezekano wa kuchanika ubavu unapungua. Lakini haumalizi kabisa, na hapo ndipo mume wangu na fundi wanapovutana.

Kwa hiyo, ndugu mshauri, kuna aliyefunga 205/55R16 kwenye Roadster toleo la tatu akatembea nayo masafa marefu? Je, inagusa matao ya ndani ukikata usukani mwisho huku gari limepakia? Inapoteza wepesi wake kiasi gani kwenye kona? Na kama kuna anayebeba spea nyembamba kwenye gari hili, ameifunga wapi na kwa nini, hasa anaposafiri peke yake? Nawaomba pia kina dada wanaoendesha barabara hii usiku waniambie wao wamejipangaje, maana ushauri mwingi ninaoupata unatoka kwa watu ambao wakikwama husimama tu kando wakisubiri.

Nepi za mama zinatosha hadi mwisho wa mwezi ujao. Kabla ya hapo lazima niwe nimeamua.

Wako,
Mwenye Roadster, Dar es Salaam