Msimkate Capossela nusu

Mhariri, habari za kazi. Mi nawasoma kwa simu nikiwa huku Napoli, na juzi kwenye ukurasa wa burudani mwandishi wenu kasema albamu ya sidii mbili siku hizi ni kujaza tu, eti msanii angechagua nyimbo kumi kali akaishia hapo. Kwa wengi inawezekana ni kweli, ila naomba nafasi nimtetee mtu mmoja ambaye naamini wasomaji wengi huko nyumbani hawamjui, Vinicio Capossela, mwanamuziki wa Italia, na albamu yake ya 2016 inayoitwa Canzoni della Cupa (nyimbo za Cupa), nayo ya sidii mbili, maana hiyo ukiipunguza umeiua kabisa.

Capossela ni mtu wa vituko vyake, anavaa makofia ya kila aina, anapiga piano, anaimba kwa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyekesha baa, na lebo ya rekodi ni yake mwenyewe. Mwaka 2011 alishatoa sidii mbili nyingine, nyimbo 19 zote za bahari, manabii na nyangumi, ikachukua Targa Tenco ambayo kwa watunzi wa huku ndo tuzo ya heshima hasa. Sasa huyu kazaliwa Hannover, Ujerumani, 1965, kwa sababu wazazi wake walitoka Irpinia, milimani huko mashariki mwa Napoli, wakaenda kutafuta maisha kama walivyofanya maelfu ya watu wa kusini. Baba ni wa Calitri, mama wa Andretta. Kwa hiyo Canzoni della Cupa ni kazi ya mtoto wa wahamiaji anayerudi kwa babu zake kuzisikiliza nyimbo za wazee kabla hazijazikwa pamoja na wenyewe, na hakuwa na haraka, alianza kurekodi 2003 na albamu ikatoka miaka 13 baadaye, na huo muda unausikia, hamna wimbo hata mmoja uliopikwa wiki mbili.

Sidii ya kwanza inaitwa Polvere, yaani vumbi, hiyo ni ya jua na mashamba na watu wa kibarua. Kuna Femmine, wimbo uliotokana na nyimbo za wanawake waliokuwa wanafanya kazi ya tumbaku kule Salento, kusini kabisa mwa Italia, na kuna kilio cha ombaomba, Il lamento dei mendicanti, ambacho ni cha Matteo Salvatore, mzee wa Apricena aliyezaliwa 1925 na kuimba habari za njaa kwa sababu njaa aliijua. Halafu akamwita Flaco Jiménez na kodiani yake kutoka Texas, akaita Los Lobos na Calexico, bendi za Marekani, na ukisikia utadhani mpaka wa Mexico na milima ya Irpinia vilikuwa jirani siku zote, kumbe ni kwamba maskini wa shamba kote huko walicheza kwa kodiani harusini.

Hii ndo wengi wanaipenda, na wengi wanaishia hapo. Na hapo ndo siwaelewi.

Maana sidii ya pili, Ombra, kivuli, ndo moyo wa kazi yote. Humo ni usiku, mizuka, viumbe wa Cupa, ile sehemu ya Calitri isiyopata jua ambayo wazee waliijazia hadithi za kutisha, na kuna pumminale, mtu anayegeuka mbwa mwitu, kwani kusini huku waliamini mtoto akizaliwa usiku wa Krismasi yuko hatarini kuwa hivyo. Mtu wa mjini atasema hizo ni ngano za watoto, lakini hebu fikiria, watu waliokula vumbi mchana kutwa ndo hao hao waliorudi nyumbani gizani bila taa, hofu yao na umaskini wao ni kitu kimoja, sasa ukichukua nyimbo za jua peke yake umemchukua mfanyakazi ukamwacha mtu. Halafu ni eneo ambalo tetemeko la tarehe 23 Novemba 1980 liliua karibu watu 3,000 na kubomoa vijiji vizima, mizuka huko ina majina ya watu. Na humo humo kwenye Ombra kuna Il treno, wimbo wa treni iliyowachukua watu ikaondoka nao, na ile reli ya Avellino hadi Rocchetta inayopita bondeni chini ya Calitri ilifunguliwa 1895 na huduma ikasitishwa 2010, mi huwa siwezi kuusikiliza huo wimbo nikiwa na haraka, na nadhani yeyote aliyeacha kwao ataelewa.

Kitu kingine ninachomheshimu sana ni kwamba hakuchukua nyimbo za wazee akajiandikia jina lake. Kamtaja Salvatore. Na pale Calitri kulikuwa na wazee waliokuwa wakipiga harusini zamani, walikuwa wanakutana mbele ya posta wakingojea pensheni, akawatoa kama bendi, La Banda della Posta (bendi ya posta), na kuwa produsa wa albamu yao Primo ballo ya 2013, mwaka huo huo akaanzisha na tamasha la Sponz Fest hapo hapo kijijini.

Huko nyumbani nasikia vijana wanachukua mdundo wa zamani wa taarabu au dansi wanauweka ndani ya wimbo mpya na mwenyewe hatajwi popote, na nyie kwenye ukurasa wenu mnausifia bila kuuliza umetoka wapi. Ulizeni. Na mkipata nafasi siku moja andikeni habari za Canzoni della Cupa, sidii zote mbili, na Matteo Salvatore mumtaje kwa jina.

Msomaji wenu, Napoli