Barua kwa Mwanangu Anayehamia Innsbruck

Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika, pamoja na habari kwamba mwezi ujao unatoka Boulder, Marekani, kwenda Innsbruck, Austria, kwa mkataba mwingine wa miaka miwili. Sehemu hiyo ya mkataba nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "kudumu", sikuliona.

Kazi yenyewe siipingi. Hapo Boulder ndipo wanafizikia Cornell na Wieman walipozipoza atomi za metali ya rubidiamu mwaka 1995 hadi zikakaribia sifuri halisi, baridi isiyo na baridi zaidi yake, na kuwa kama kitu kimoja, na mwaka 2001 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ketterle. Kwamba mwanangu anashika leza katika mji huo nimewatangazia hata wasioniuliza. Innsbruck nako walilifanya hilo kwa metali nyingine, sesiamu mwaka 2002 na erbiamu mwaka 2012. Ninachouliza ni kimoja: uzamivu miaka sita, mkataba wa kwanza miaka mitatu, sasa huu, na baada ya huu? Ulinisimulia habari za Deborah Jin, mwanafizikia aliyefika hapo Boulder mwaka 1995 kwa nafasi ya muda na kufikia mwaka 1997 akawa ameajiriwa moja kwa moja. Huyo ni mmoja. Wenzake waliokaa maabara zile zile kwa mikataba kama yako, wangapi walibaki?

Zikitokea kampuni zinazotafuta watu wanaojua kupanga leza na kutunza pampu za ombwe, zile zinazotoa hewa chomboni, kwa ajili ya saa za atomi au kompyuta za kwanta, usizikatae kwa sababu tu baba yako aliwahi kusema kwamba anayeacha utafiti ameshindwa. Siku ile nilikuwa na hasira, tena nilikuwa mwalimu wa shule moja kwa miaka 31. Mikataba ningeijulia wapi?

Bati la jikoni limebadilishwa. Fedha iliyobaki ilimalizia ada ya mdogo wako, jambo ambalo mama yako anasema nilipaswa kukuuliza kwanza. Mwezi wa kuhama usitume chochote, utahitaji amana ya nyumba.

Kabla hujatia saini, muulize profesa kwa maandishi kama mkataba unaweza kuongezwa, na uulize michango yako ya pensheni ya Marekani itakuwaje. Nijibu hayo kwanza, habari za theluji zifuate.

Baba yako