"Ziwa" la Lamartine halimlilii marehemu

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu, ambako ziwa huonekana hata kwenye madirisha ya darasa, shairi la Lamartine, mshairi wa Kifaransa, liitwalo "Ziwa" halikosi wapenzi. Lakini wengi hulieleza kwa kosa lile lile: eti mshairi anamlilia mpenzi aliyekufa. Tarehe zinakataa. Alikutana na mpenzi wake, Julie Charles, huko Aix-les-Bains, mji wa Ufaransa kando ya ziwa, Oktoba 1816, wakaahidiana kuonana tena mwaka uliofuata. Agosti 1817 Lamartine alifika peke yake. Julie alikuwa mgonjwa Paris. Shairi lilianza hapo, na Julie alifariki tarehe 18 Desemba. Mwalimu akishaliita tanzia, mwanafunzi haoni tena kinachotisha: anayeliliwa bado yu hai.

Kisha umbo. Beti ni 16. Kwa kawaida mishororo mitatu ya mizani 12 hufuatwa na mmoja wa 6, kama pumzi inayokatika. Lakini ubeti wa 6 hadi wa 9, mwanamke anaponena na kuusihi wakati usimame, mshororo mfupi huja mara mbili katika kila ubeti. Anayeomba muda ndiye mwenye pumzi fupi. Kipindi kizima kiishie hapo, wasifu wa mshairi unaweza kusubiri.

Kuhesabu nako kuna mtego. Mwanafunzi akipiga makofi mshororo mfupi "Tes flots harmonieux" (mawimbi yako yenye sauti tamu) kama anavyoongea Kifaransa cha kila siku, anapata silabi 5, anadhani mshairi kakosea. Neno la mwisho lisomwe har-mo-ni-eux, silabi nne, na 6 inatimia.

Tena Julie hatajwi jina wala haelezwi sura. Kinachong'ang'aniwa ni usiku mmoja juu ya maji. Miamba, mapango na msitu ndivyo vinavyoombwa kuutunza. Kwa maoni yangu, penzi la namna hii linajililia lenyewe.

Anayetaka maombolezo ya kaburini amsome Victor Hugo, mshairi mwingine wa Kifaransa. Binti yake Léopoldine alizama katika mto Seine, kijijini Villequier, tarehe 4 Septemba 1843, akiwa na miaka 19. Baba alikuwa safarini. Habari aliikuta gazetini. Katika shairi lake la safari ya alfajiri, lenye mishororo 12, msomaji hudhani ni mtu anayekwenda kwa mpenzi wake, mpaka kaburi litajwe mwishoni kabisa. Chini yake pameandikwa 3 Septemba 1847, mkesha wa kumbukumbu ya msiba, ingawa muswada una tarehe 4 Oktoba. Hugo aliichagua tarehe hiyo ya Septemba, basi isomwe kwa sauti pamoja na mishororo.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu