Tusiwaachie marubani wa kaskazini kazi ya kubahatisha hewa

Mhariri,

Nakuomba nafasi katika safu ya barua ili nizungumzie marubani wanaorusha ndege ndogo katika nchi zisizo na barabara, jambo ambalo vijana wengi wa Nairobi wanalifuatilia kwa hamu kupitia video za Alaska na za kaskazini mwa Canada. Wanaona ndege ikitua juu ya kokoto za mto, nyingine ikiteleza juu ya barafu ya mlimani, na moyo unawaenda mbio. Sina neno na mvuto huo, kwa maana ndio ulionipeleka mimi Uwanja wa Ndege wa Wilson nikiwa kijana, na huko nikapima mizigo na kupakia ndege za kwenda Lodwar, Marsabit, Wajir na Mandera hadi nilipostaafu. Ninalolalamikia ni kwamba hadithi hizi husimuliwa kana kwamba ushujaa wa rubani ndio uliofikisha ndege salama, na sisi hapa nyumbani tumezoea msimulio huo kiasi cha kuufanya ushujaa wa marubani wetu wa kaskazini mwa Kenya uwe badala ya vifaa tunavyopaswa kuwawekea, hasa kamera za kuonyesha hali ya hewa viwanjani.

Huko Alaska, Carl Ben Eielson alibeba barua kwa ndege kutoka Fairbanks hadi McGrath mnamo Februari 1924, akamaliza kwa muda usiotimia saa tatu safari ambayo mbwa wa kuvuta sleji waliichukua zaidi ya wiki mbili. Nchini Canada, Januari 1929, Wop May na Vic Horner waliondoka Edmonton katika ndege ndogo isiyo na paa, katikati ya baridi kali ya majira yale, wakipeleka dawa ya dondakoo Fort Vermilion. Haya yalitendeka na yanastahili heshima. Lakini Eielson huyohuyo, ambaye mwaka 1928 alikuwa amevuka bahari ya barafu kutoka Alaska hadi Spitsbergen, kisiwa cha Norway, pamoja na Hubert Wilkins, alifariki Novemba 1929 pamoja na fundi wake, Earl Borland, walipokuwa wakiruka katika dhoruba kuelekea meli iliyokwama katika barafu ya pwani ya Siberia. Hakupungukiwa na ujasiri wala ujuzi, na dhoruba haikumjali kwa sababu hiyo.

Tena ukisoma habari za marubani wale kwa makini, unakuta sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa uangalifu na subira, mambo ambayo hayapendezi kwenye video. Jioni, injini ikiwa bado moto, walimwaga oili yote katika debe na kuiingiza ndani ya nyumba, na asubuhi waliipasha moto jikoni kabla ya kuirudisha, huku injini yenyewe ikiwa imefunikwa turubai zito na jiko likiwaka chini yake, na mtu amesimama hapo asiondoke hata kidogo, kwa sababu turubai likishika moto ndege nzima imekwenda. Waliweka matawi ya miti chini ya mbao za kutelezea, zile zinazofungwa kwenye ndege badala ya magurudumu, ili zisigande na barafu usiku. Walipotaka kutua juu ya theluji tupu chini ya wingu jeupe, ambapo jicho haliwezi kupima ardhi iko umbali gani, walirusha kwanza matawi ya misonobari kutoka dirishani ili wapate kitu cheusi cha kulenga. Na kila mwaka kulikuwa na majira mawili, barafu inapoanza kuganda na inapoanza kuyeyuka, ambapo ziwa halikubali ndege ya maboya wala ya mbao za kutelezea. Hapo walikaa chini wakangoja.

Marubani wetu wa kaskazini wanayo mitihani yao. Wilson iko juu sana kutoka usawa wa bahari, zaidi ya futi 5,000, na hewa ya juu ni nyepesi, na jua linapoipasha inazidi kuwa nyepesi, hivyo injini hupungukiwa na nguvu na mabawa hayapati hewa ya kutosha ya kuyabeba. Huko Lodwar, mahali palipo chini zaidi, joto la mchana hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo sababu ndege huondoka alfajiri, na ndiyo sababu mizani yangu ilikuwa na maneno mengi. Abiria amekuja na unga, mafuta ya kupikia, godoro la mtoto anayelazwa hospitali. Yote ni ya haki kabisa, na bado inabidi kitu kishuke. Nilimwona rubani mmoja akimwambia mzee aliyekuwa amekasirika, "Mzee wangu, nikikubali huu mfuko upakiwe, hautafika, na sisi sote hatutafika," kisha akaubeba mwenyewe hadi ofisini ili uletwe na ndege ya kesho yake. Mwenye ndege alimfokea kwa kuchelewesha safari. Rubani yule hatasimuliwa popote, na kwangu mimi ndiye rubani hodari kuliko wote niliowahi kuwapakilia.

Ukifika kaskazini kwenyewe, kuna upepo wa Ziwa Turkana, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu hadi ukapata kasi ya kuendesha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Kuna viwanja vya vumbi ambapo rubani hupita chini mara moja kufukuza mbuzi na ngamia kabla ya kuzunguka na kutua. Na kuna Mlima Marsabit, unaosimama peke yake katikati ya jangwa, ukiipandisha hewa yenye unyevu hadi ikapoa na kugeuka ukungu, hata kilomita chache kutoka hapo kukiwa na jua kali. Wakenya wanaujua ukungu huo. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyowapeleka viongozi kwenye mazungumzo ya amani ilianguka huko wakati macho hayakuona mbali, watu 14 wakafariki, miongoni mwao wabunge, akiwemo Bonaya Godana.

Hapa ndipo ninapotaka tuige Alaska, na si katika michezo ya kutua mitoni. Watu wa kule walichoka kuzika marubani, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mamlaka yao ya anga ilianza kuweka kamera katika viwanja vidogo na kwenye mapito ya milimani. Leo vituo hivyo ni zaidi ya 200. Kamera hupiga picha kila baada ya dakika chache, na mtu yeyote huziona kwenye intaneti bila malipo. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba kando ya picha ya sasa huwekwa picha ya mahali palepale siku ya hewa safi, vilima vikiwa vimeandikwa umbali wake, basi rubani akiona kilima fulani kimepotea anajua papo hapo ukungu umefika wapi. Anaamua akiwa bado ardhini, petroli haijachomwa, wala abiria hawajaanza kumsukuma.

Katika miaka yangu ya Wilson, habari ya kiwanja kidogo mara nyingi ilipatikana kwa kumpigia simu mtu anayeishi karibu nacho. Wengi walikuwa waaminifu. Lakini mtu anayesubiri dawa, au mwenye mgonjwa anayehitaji kuletwa Nairobi, huliona wingu kuwa jembamba kuliko lilivyo, na simlaumu hata kidogo.

Najua nitaambiwa kwamba barabara ya lami sasa imefika Moyale, hivyo ndege si lazima kama zamani. Barabara hiyo imetusaidia sana, ila haipiti Illeret wala North Horr, na mama anayetoka damu baada ya kujifungua hawezi kungoja gari. Nitaambiwa pia kwamba mtandao wa simu ni hafifu na kamera zitaibwa. Minara ya simu imesimama huko na inalindwa na wenyeji. Kamera moja na paneli ndogo ya sola zinaweza kukaa juu ya mnara uliopo, au kwenye paa la zahanati.

Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ishirikiane na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa waanze na Marsabit na Loiyangalani, kisha waongeze viwanja vingine kadiri fedha zinavyopatikana. Usafiri wa anga ni jukumu la serikali kuu, lakini kaunti zinaweza kutoa mahali, umeme na mlinzi. Ninawasihi wasomaji wako walio Marsabit na Turkana walitaje jambo hili katika vikao vya umma vya bajeti, na wadai lijibiwe kwa maandishi.

Mpakiaji mstaafu wa ndege,
South C, Nairobi